Nilifanya dhambi nikijua. Je, bado ipo dhabihu kwa ajili yangu?

Barua

Bwana Yesu asifiwe, Mwalimu.

Mimi ni mtunza hazina wa kikundi chetu cha kujifunza Biblia, na sasa nimepangiwa kufundisha Waebrania sura ya 7 hadi ya 10 kwa vipindi vinne. Nimekwama, na si kwa ugumu wa maandiko peke yake.

Miezi kadhaa iliyopita nilichukua fedha za kikundi nilizokabidhiwa nikazitumia kwa shida zangu. Sikukosea hesabu. Nilijua ninachofanya, na mpaka leo hakuna aliyegundua. Nilipokuwa najiandaa nikafika 10:26: "kama tukifanya dhambi kusudi baada ya kuupokea ujuzi wa ile kweli, haibaki tena dhabihu kwa ajili ya dhambi." Je, ndiye mimi huyo? Kiongozi mmoja wa maombi, niliyemdokezea bila kutaja kosa lenyewe, aliniambia nifunge siku saba na kutoa sadaka maalumu ya upatanisho. Nimefunga, nimetoa, na moyo uko vilevile.

Halafu kuna maswali ya wanakikundi. Kama Yesu alitoa dhabihu mara moja na kazi ikaisha, kwa nini anaitwa kuhani wa milele? Kuhani asiye na mnyama wa kuchinja anafanya nini? Melkizedeki ni nani hasa? Na mwenzetu mmoja Mkatoliki anauliza kama ni kweli Misa inamtoa Kristo tena.

Nifundishe, au niache?

Mwenye mzigo

Jibu

Asifiwe milele, dada.

Tuanze na mstari uliokuumiza, maana ukibaki umefungwa hapo, mengine yote yatakupita. Fungua 10:18 na 10:26 uziweke pamoja. Mstari wa 18 unasema ondoleo likiwapo, "hapana toleo tena kwa ajili ya dhambi." Wa 26 unasema "haibaki tena dhabihu kwa ajili ya dhambi." Ni kauli ileile, imetajwa mara mbili ndani ya mistari tisa. Mara ya kwanza ni habari njema: dhabihu ya Kristo imetosha, hakuna nyingine inayohitajika. Mara ya pili ni onyo: kwa kuwa hakuna nyingine, anayeikataa hii hana pa kwenda. Onyo halisemi kwamba damu ya Kristo inamkataa mtu anayeijia akilia. Linasema kwamba nje ya damu hiyo hakuna mahali pengine penye ondoleo.

Anayeonywa ni nani? Mstari wa 29 unamtaja kwa matendo matatu: amemkanyaga Mwana wa Mungu, ameihesabu damu ya agano kuwa kitu ovyo, na amemfanyia jeuri Roho wa neema. Mistari ya 32 hadi 34 inaonyesha hali ya wasomaji wa kwanza. Walikuwa wametukanwa na kunyang'anywa mali kwa ajili ya imani, na walikuwa wakishawishika kumwacha Kristo. Dhambi inayozungumzwa ni ya mtu anayegeuka na kuondoka, akiwa ameamua. Wewe unaogopa kwamba huenda damu hiyo haikufikii tena. Mtu anayeihesabu kuwa kitu ovyo haogopi hivyo.

Hata hivyo usijifariji kwa kusema dhambi yako ilikuwa ndogo. Haikuwa ndogo, na Biblia inaitaja kwa jina lake. Soma Mambo ya Walawi 6:1-7. Hapo yupo mtu aliyemdanganya mwenzake katika amana, akaificha, tena akaapa kwa uongo. Hakuna bahati mbaya ndani yake. Ni kusudi tupu. Lakini sheria inampa njia: akishajua hatia yake, arudishe kamili, aongeze sehemu ya tano, ampe mwenye mali siku ileile anapoleta sadaka ya hatia, ndipo kuhani amfanyie upatanisho naye asamehewe. Kama agano la kwanza, lenye damu ya kondoo dume, lilikuwa na mlango kwa mwizi wa amana anayekiri, usidhani agano la pili limeufunga. Tutairudia hiyo sehemu ya tano.

Sasa swali la kuhani asiye na mnyama wa kuchinja. Linawakwamisha wengi kwa sababu tumezoea kudhani kazi ya kuhani ni kuchinja. Tazama Walawi 1:3-9, utaratibu wa sadaka ya kuteketezwa. Mwenye sadaka ndiye analeta mnyama asiye na dosari. Yeye ndiye anaweka mkono juu ya kichwa chake, na kwa kawaida yeye mwenyewe ndiye anachinja. Makuhani wanaingia baada ya hapo: wanaipokea damu, wanainyunyiza kandokando ya madhabahu, wanapanga kuni na vipande juu ya moto. Kwa maneno mengine, kazi mahususi ya kuhani inaanza mnyama akishakufa. Ni kuisongeza damu mbele za Mungu kwa niaba ya mwenye kosa.

Hilo likishakaa kichwani, Waebrania inafunguka. Ukidhani ukuhani ni kuchinja, basi ukuhani wa Yesu ulikoma Ijumaa saa tisa, na neno "milele" linakuwa pambo tu. Ukijua ukuhani ni kuiingiza damu mbele za Mungu na kusimama pale kwa ajili ya watu, unaelewa kwa nini 8:4 inasema kama angekuwa juu ya nchi asingekuwa kuhani, na kwa nini 9:24 inasisitiza kwamba aliingia mbinguni kwenyewe "aonekane sasa usoni pa Mungu kwa ajili yetu." Msalaba na kuingia mbinguni ni kazi moja. Ndiyo maana pia ufufuo si nyongeza katika waraka huu: 7:16 inasema amekuwa kuhani kwa uwezo wa uzima usio na ukomo. Aliyekufa akabaki mfu angeweza kuwa dhabihu, lakini asingeweza kuwa kuhani.

Mfano mkuu wa mwandishi ni Siku ya Upatanisho, siku ya 10 ya mwezi wa 7, katika Walawi 16. Ufundishe kwa mpangilio wake halisi. Haruni anaoga na kuvaa kitani: kanzu, suruali, mshipi, kilemba. Kwa ajili yake na nyumba yake ana ng'ombe dume mchanga wa sadaka ya dhambi na kondoo dume wa kuteketezwa. Kwa ajili ya watu kuna mbuzi dume 2 na kondoo dume 1. Anawapigia mbuzi kura, mmoja wa BWANA, mwingine wa Azazeli. Anamchinja kwanza ng'ombe wake, kwa sababu yeye naye ni mkosaji. Anachukua chetezo chenye makaa na konzi mbili za uvumba uliosagwa, anaingia ndani ya pazia ili moshi ufunike kiti cha rehema asije akafa. Anainyunyiza damu ya ng'ombe kwa kidole, mara 7 mbele ya kiti. Kisha anamchinja mbuzi wa BWANA na kufanya vivyo hivyo. Anatoka, anaitakasa madhabahu. Ndipo anaweka mikono yote miwili juu ya kichwa cha mbuzi aliye hai, anaungama maovu ya Israeli, na mbuzi anapelekwa jangwani. Mizoga ya ng'ombe na mbuzi waliotolewa kwa dhambi inateketezwa nje ya kambi, jambo ambalo Waebrania 13:11-12 inalishika ikimtazama Yesu aliyeteswa nje ya lango.

Makosa kadhaa hujirudia katika somo hili. La kwanza ni "kiti cha rehema". Neno kiti linatupotosha. Kilikuwa kifuniko cha dhahabu safi juu ya sanduku la agano, dhiraa mbili na nusu kwa dhiraa moja na nusu (Kutoka 25:17), na hakuna kuhani aliyekikalia. Katika vyombo vyote vya hema hapakuwa na kiti cha kuhani. Kwa hiyo 10:11-12 inapolinganisha kuhani anayesimama kila siku na Kristo aliyeketi, inasema kazi moja ilikuwa haiishi na nyingine imekamilika. La pili ni ile hadithi ya kamba mguuni mwa kuhani mkuu, ili avutwe akifia ndani. Haimo katika Biblia. Ilitokea katika maandishi ya Kiyahudi ya zama za kati. Kengele zinazotajwa katika hadithi hiyo nazo zilikuwa kwenye joho la kawaida la Kutoka 28, wakati Walawi 16 inamwingiza Haruni kwa kitani. Acha hadithi hiyo kabisa, hata kama wanakikundi wanaipenda. La tatu ni kudhani "mara moja kila mwaka" ni kuingia mara moja tu. Ni siku moja kwa mwaka. Siku hiyo aliingia zaidi ya mara moja, kwa sababu damu ya ng'ombe na ya mbuzi hazikuingizwa pamoja.

Mwandishi analo neno la Kigiriki analolirudia, efapaksi, mara moja kwa kudumu: 7:27, 9:12, 10:10. Ili wanakikundi wausikie uzito wake, wape hesabu. Hesabu 28:3-4 inaagiza wanakondoo 2 kila siku, asubuhi mmoja na jioni mmoja. Hao peke yao ni zaidi ya 700 kwa mwaka, kabla ya sabato, mwezi mpya na sikukuu. Makuhani nao walikuwa wanakufa. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, alihesabu makuhani wakuu 83 tangu Haruni hadi hekalu lilipoteketezwa mwaka 70. Kila mmoja alimwachia mwingine kazi isiyokwisha. Ndipo 7:24 inasema huyu, kwa kuwa akaa milele, ana ukuhani usioondoka.

Basi sasa anafanya nini? 7:25 inajibu: yu hai sikuzote ili awaombee. Tafadhali usiwafundishe watu kwamba Mwana anambembeleza Baba mwenye hasira. Walawi 17:11 inamnukuu Mungu mwenyewe akisema kuhusu damu, "nami nimewapa ninyi hiyo damu juu ya madhabahu." Upatanisho ulianzia kwake, Baba ndiye aliyeutoa. Kuomba kwa Kristo ni kuwapo pale akiwa amewabeba watu wake. Kutoka 28 ina picha nzuri: mawe 2 mabegani yamechorwa majina sita sita, na mawe 12 kifuani, ili Haruni aingie patakatifu akiwa na majina hayo juu ya moyo wake. Kama wanataka mfano wa maneno yenyewe, Luka 22:32 inatosha. "Nimekuombea wewe ili imani yako isitindike," anaambiwa Petro kabla hajamkana. Maombi yalitangulia anguko.

Melkizedeki usimpe kipindi kizima. Wengi wanapotelea humo. Ametajwa katika Mwanzo 14:18-20, Zaburi 110:4 na Waebrania, basi. Ni mfalme wa Salemu, kuhani wa Mungu Aliye Juu Sana, alimletea Abramu mkate na divai, akambariki, akapewa fungu la kumi. Maneno "hana baba, hana mama" yanawashtua watu, lakini kumbuka yanasemwa kuhusu makuhani. Kwa ukoo wa Haruni, nasaba ilikuwa ndiyo cheti cha kazi. Katika Ezra 2:61-63 watu waliotafuta orodha ya ukoo wao wasiione waliondolewa katika ukuhani. Mwanzo, kitabu kilichojaa nasaba, hakimpi Melkizedeki nasaba yoyote wala kutaja kuzaliwa na kufa kwake, na bado kinamwita kuhani. Wapo wanaosema alikuwa Kristo mwenyewe kabla ya kuzaliwa. Mimi nashika 7:3 inavyosema: "amefananishwa na Mwana wa Mungu." Anayefananishwa ni mwingine.

Kinachobeba hoja ni Zaburi 110:4. Yesu alitoka Yuda, kabila ambalo Musa hakusema neno la ukuhani kulihusu (7:14). Mfalme Uzia wa ukoo huohuo alipoingia hekaluni kufukiza uvumba alipigwa ukoma kwenye paji la uso (2 Nyakati 26:16-21). Kwa sheria, kiti cha enzi na madhabahu havikuwa vya mtu mmoja. Zaburi inaviunganisha kwa kiapo: "Bwana ameapa, wala hataghairi, Ndiwe kuhani hata milele." Tena ahadi hiyo imekuja baada ya sheria. Kama ukuhani wa Walawi ungekuwa umetimiza, haja ya kuapia mwingine ingetoka wapi? Hapo ndipo 7:11 inaposimama.

Kuhusu mfungo na sadaka maalumu. Katika Walawi 16:29-30 watu walifunga siku ile, lakini walikatazwa kufanya kazi yoyote, "kwa maana siku hiyo upatanisho utafanywa kwa ajili yenu." Mfungo wao ulikuwa unyenyekevu mbele ya kazi inayofanywa na mwingine. Kufunga kwako kulikuwa halali. Kuuita mfungo huo upatanisho ndiko kulikuwa kosa. Vivyo hivyo matoleo. Waebrania 13:15-16 inamwachia Mkristo sadaka mbili, ya sifa, na ya kutenda mema na kushirikiana. Zote ni za shukrani. Hakuna iliyobaki kwa ajili ya dhambi, na yeyote anayekuuzia moja, hata kwa nia njema, anakurudisha kwenye mbuzi. Ndiyo maana moyo wako haukutulia: ulitoa kwa mtu ambaye hukumwibia, na hukumwambia neno uliyemwibia.

Swali la Misa lijibiwe kwa haki. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, katika kikao chake cha 22 mwaka 1562, ulifundisha kwamba katika Misa ni Kristo yuleyule anayetolewa na yuleyule anayetoa, sasa kwa huduma ya makasisi; namna ya kutoa pekee ndiyo tofauti, bila kumwaga damu. Kwa mafundisho hayo, Misa huifanya dhabihu moja ya msalaba iwepo, na haisemwi kwamba Kristo anakufa upya. Wanamatengenezo, yaani Waprotestanti wa kwanza, walipinga wakisema kuiita dhabihu kwa ajili ya dhambi kunafifisha efapaksi, na kwamba Meza ya Bwana ni kupokea na kushukuru. Tofauti ni ya kweli, usiifute. Lakini wote wanasoma Warumi 6:9 pamoja: Kristo akiisha kufufuka hafi tena. Mwenzako asitoke darasani akiwa amebebeshwa fundisho ambalo kanisa lake halifundishi.

Mpangilio wa vipindi vinne: usianze na sura ya 7. Anza na Walawi 1 na 16, kipindi kizima, wasome kwa sauti na mmoja aandike ubaoni nani anafanya nini. Kipindi cha pili ni Zaburi 110 na Waebrania 7, Melkizedeki asizidi robo saa. Cha tatu ni sura ya 8 na 9, na hapo waonyeshe kuonekana mara tatu: alifunuliwa ili azitangue dhambi (9:26), anaonekana sasa usoni pa Mungu (9:24), atatokea mara ya pili kwa hao wamtazamiao (9:28). Ndivyo siku ile ilivyokwenda: kuhani kwenye madhabahu, kuhani ndani, kuhani anatoka watu wakingoja. Cha nne ni sura ya 10 yote. Usikatishe kwenye 10:25, hata kama utatamani.

Na wewe kufundisha? Kwanza mambo mawili, kwa mfuatano huu. Nenda kwa Mungu leo, hukuzuiliwa. Taja kosa kwa jina lake: nilichukua, zilikuwa amana, nilijua. 1 Yohana 1:9 inaahidi msamaha kwa anayeziungama dhambi, na 2:1-2 inamtaja Mwombezi aliye pia kipatanisho. Huhitaji kuongeza kitu hapo, wala kungoja hadi uhisi umestahili.

Kisha nenda kwa wanadamu. Piga hesabu ya fedha zote ulizochukua, pamoja na zile "ndogo ndogo" ulizojiambia utarudisha. Ongeza sehemu ya tano: kila 100 iwe 120. Agano jipya halijakuwekea kiwango hicho kama sheria, lakini ni kipimo kizuri, kwa sababu kinakiri kwamba kikundi kilikosa matumizi ya fedha hizo muda wote huo. Mwone mwenyekiti na mtu mmoja wa pili anayeaminika, ana kwa ana, ukiwa na daftari la mahesabu. Usirudishe kimyakimya, fedha zitakaa sawa, lakini waliokuamini watakuwa bado wamedanganywa. Kama huna zote, peleka ulizo nazo na tarehe za zilizobaki kwa maandishi. Usitoe udhuru kabla hujaulizwa.

Wakabidhi hazina hapohapo. Suala la kufundisha waachie waamue wao, na wakikuomba usubiri, subiri. Msamaha umeupata kwa Kuhani. Nafasi ya kuongoza inatolewa na watu waliokupa amana, nao wanaweza kuchukua muda. Wakiuliza kama kuna Andiko linalohusu jambo lako, wasomee Walawi 6:1-7, kisha nenda nao hadi Waebrania 10:19-22. Hata kama kipindi cha kwanza atakifundisha mwingine, mpe maandalizi yako ya Walawi 16.